Doa la Gotini

Mjukuu wangu,

Jumamosi ulipoingia uani na bahasha ya kaki kwapani, ulinipa shikamoo ukiwa umeinamisha kichwa, nami nikaitika marahaba nikidhani una aibu ya kufungwa mechi. Ukakaa kwenye kigoda cha bibi yako, ukawa unachokonoa ardhi kwa ncha ya kandambili. Chai ikapoa. Ndipo ukauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako: "Babu, watanikata mguu?"

Nimeona nikuandikie, kwa sababu siku ile hukuwa na masikio. Mwenye hofu husikia neno moja kati ya kumi, na wewe ulikuwa umeng'ang'ania neno lako moja, "uvimbe", ulilolisoma kwenye karatasi ya majibu, kisha ukakesha na simu ukilitafuta mtandaoni. Simu haijui kwamba una miaka 15. Haijui kwamba ulianguka ukigombania mpira wa kona. Ukiiuliza habari za uvimbe wa mfupa inakuletea mbele lile la kutisha kuliko yote, nawe unalipokea kana kwamba limeandikwa kwa jina lako. Isome barua hii taratibu, kisha wape na wenzako wa timu, maana magoti mnayo wote.

Kazi yangu unaijua. Miaka 31 nimepiga picha za eksirei katika hospitali za upande huu, tangu tukiwa bado chini ya mkoa wa Arusha hadi Babati ilipokuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara mwaka 2002, na baada ya hapo. Mimi si daktari. Nilimlaza mgonjwa, nikanyoosha mguu wake, nikamwambia asitikisike, nikaenda chumba cha giza kuosha filamu. Lakini ukiyatazama magoti ya watu kwa miaka yote hiyo, ukisimama nyuma ya madaktari wakati wanayasoma, unajifunza jicho lao linaanzia wapi na linapita wapi bila kusimama.

Filamu yako niliibandika kwenye kioo cha dirisha la sebuleni. Juu ya goti, kama vidole vitatu hivi, kwenye ubavu wa mfupa wa paja, pana doa jeusi lililorefuka kidogo, kubwa kuzidi punje ya kunde, limezungukwa na mstari mweupe mwembamba. Wewe uliliona shimo. Mimi nilikwambia upitishe ukucha juu ya ule mstari mweupe, ukapitisha bila kujua kwa nini. Nitakuja kuueleza.

Kwanza ujue picha yenyewe ni kitu gani. Mjerumani Wilhelm Röntgen aliigundua mionzi hii tarehe 8 Novemba 1895, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshapiga mkono wa mkewe: mifupa ya vidole, pete, na nyama kama moshi. Alichokipata ni kivuli, na hata leo tunachokupa kwenye bahasha ni kivuli. Mionzi hupenya nyama kwa urahisi, lakini madini ya chokaa yaliyomo mfupani huizuia. Ilipozuiwa panabaki peupe, ilipopenya panakuwa peusi. Basi doa jeusi kwenye mfupa linasema jambo moja tu, kwamba hapo chokaa ni pungufu kuliko pembeni yake. Sababu halisemi. Isitoshe vivuli hulaliana, cha mbele juu ya cha nyuma, ndiyo maana ulipigwa mara mbili, mara ukiwa chali na mara ukiwa ubavu.

Jumanne tulipokaa mbele ya daktari wa mionzi, nilikuona umeduwaa swali lake la kwanza lilipokuwa juu ya umri wako. Alikuwa anafanya kazi yake vizuri. Kwenye mifupa, umri ni nusu ya jibu. Doa lile lile likionekana kwa mtu wa miaka 65, daktari atataka kujua kama kuna saratani ya matiti au ya kiungo kingine iliyosafiri hadi mfupani. Kwa kijana anayerefuka kama wewe, mawazo yanakwenda kwingine kabisa.

Naye alikupa jina: fibroma isiyogeuka mfupa. Jina refu kwa kitu kidogo. Mfupa wako unarefukia karibu na goti, kwenye ukanda wa gegedu ambao kila siku unaacha nyuma yake mfupa mpya. Mara nyingine kipande kidogo cha ukingo hakikamilishi safari hiyo, kikabaki na nyuzinyuzi ngumu badala ya mfupa. Wataalamu wa mionzi wanakadiria kwamba watoto watatu hadi wanne kati ya kumi hupitia hali hii, wengi wao wakiwa na kidoa kidogo tu, na karibu wote hawajui. Ukiingia miaka ya ishirini mfupa unaanza kukijaza, doa linakuwa jeupe, halafu linapotea. Kiangazi maji ya Ziwa Babati yakirudi nyuma utaona visiki na mawe ufukweni. Hakuna anayesema yameota jana. Goti lako lilivimba kwa sababu ulianguka, ukapigwa picha kutafuta mfupa uliovunjika, na doa ambalo pengine lilikuwepo tangu uko darasa la nne likaonekana.

Sasa ule mstari mweupe. Mfupa ni kitu hai, mjukuu wangu. Ukipata jirani mpole anayekaa miaka bila fujo, unajenga ukuta kumzunguka, na ukuta huo ndio ulioupitishia ukucha. Kitu chenye haraka hakiupi mfupa nafasi ya kujenga. Ukingo wake huwa umeliwaliwa kama ukuta wa udongo ulioingiliwa na mchwa, huoni doa limeanzia wapi wala limeishia wapi, na ngozi nyembamba inayofunika mfupa huinuka kwa nje. Nimewaona madaktari wakisogeza taa na kusoma ukingo muda mrefu kuliko doa lenyewe. Fibroma yenye ukingo kama wako wanaihesabu miongoni mwa vitu visivyoguswa: hakatwi mtu, hachomwi sindano ya kuchukua kinyama, haanzishiwi dawa. Wanairudia picha baada ya miezi kadhaa kuona kama imetulia. Ingekuwa kubwa, imekula zaidi ya nusu ya upana wa mfupa, hapo wangeogopa mfupa usije ukavunjika, na mpira ungesimama. Yako haijafika hata karibu.

Goti lina wageni wengine wanaotisha watu bure. Nyuma yake baadhi yetu tunacho kimfupa kidogo ndani ya kano, kinaitwa fabela, neno la Kilatini lenye maana ya harage dogo. Nimeshuhudia kikiitwa kipande kilichokatika. Mwaka 2019 watafiti wa Imperial College London walilinganisha taarifa za karne nzima wakaona watu wenye kimfupa hicho wameongezeka, kutoka asilimia 11 hivi mwaka 1918 hadi asilimia 39 mwaka 2018, na wao wakahisi sababu ni miili kuwa mirefu na mizito kwa sababu ya lishe bora. Kuna na kijiti cha mfupa kinachoota pembeni ya goti, ostiokondroma, unaweza kukipapasa kwa kidole. Kinakua na mwenyewe, na mwenyewe akiacha kurefuka nacho kinaacha. Kikianza kukua tena mtu akiwa mzima, au kuuma, arudi hospitali.

Lakini mgeni ninayemjua kwa uchungu ni mwingine, kwa sababu yuko kwenye mguu wangu.

Nilikuwa na miaka 17. Nikaangukia goti kwenye mawe, likavimba, nikapelekwa hospitali moja ambayo sitaitaja. Aliyesoma picha aliona mstari mweusi kwenye kona ya juu ya pia ya goti, upande wa nje, akasema pia imepasuka. Nikafungwa hogo la plasta kutoka pajani hadi kifundoni, wiki sita, msimu wa palizi. Baba yangu alilima peke yake mwaka ule. Hogo lilipofunguliwa paja lilikuwa limekonda kama mkono, na nilichechemea hadi mwisho wa mwaka. Miaka mitano baadaye, nikiwa mafunzoni, mwalimu alituambia tupigane picha ili tujifunze kulaza goti. Nikapigwa yote mawili. Kwenye goti la pili, ambalo halikuwahi kuumia, ulikuwepo mstari ule ule, kona ile ile, na kingo zake zilikuwa za mviringo na laini, hazikuwa kali kama za mfupa uliopasuka. Mwalimu akacheka kwa upole, akasema nimezaliwa na pia yenye vipande viwili, kama watu wawili hivi katika kila mia. Sikuwahi kuvunjika.

Ndiyo maana Jumanne nilimwuliza daktari kama kuna haja ya kupiga na goti la pili. Akasema kwako haipo, nami nikakubali, lakini ni swali ambalo kijana anaruhusiwa kuuliza. Mionzi ya picha moja ya goti ni kidogo sana, haifikii hata ile tunayoipata kutoka ardhini na angani kwa siku moja.

Kabla sijafika kwenye jambo zito, neno moja kwa ajili yetu watu wa Bonde la Ufa. Maji ya huku kaskazini yana floraidi, na visima vingine vimezidi mara kadhaa kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisivukwe. Magadi tunayolainishia makande nayo yanayo. Hata mwamba wa Minjingu tunaosaga kuwa mbolea, uliojengwa na kinyesi na mifupa ya ndege wa ziwani wa zamani sana, unabeba floraidi kama miamba mingine ya fosfeti. Meno ya kahawia unayoyaona kwa wazee wengi ni alama yake ya nje. Kwa aliyekunywa maji hayo miaka mingi, mifupa huwa mizito na myeupe kupita kawaida kwenye picha, kano zikaanza kushika chokaa, na kwa watoto miguu ikapinda. Msomaji wa picha aliye mbali, asiyejua mgonjwa amekulia wapi, anaweza kutafuta saratani pale ambapo tatizo ni kisima. Ukiulizwa historia yako, taja na maji uliyokulia.

Sasa lile zito.

Nilikuwa na mtoto wa ndugu yangu, wa miaka 14, mrefu, mpole, mchunga ndama. Alianza kulalamika goti linamwuma usiku. Mchana anatembea, usiku analia. Mama yake alinifuata mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mtu wa hospitali katika ukoo. Nilikuwa nimechoka, nimetoka zamu, nikamwambia, "Anarefuka huyo, ni maumivu ya kukua." Sikumpiga picha. Mashine ilikuwa chini ya mkono wangu kila siku, sikumpiga picha. Wakamkanda kwa maji ya moto, wakamchua kwa mafuta, jirani akaleta mtu wa kumchanja juu ya goti. Ilipita miezi minne. Alipoletwa kwangu, goti lilikuwa limejaa na linang'aa, mishipa imechomoza. Nilimlaza mwenyewe. Filamu ilipotoka kwenye maji nilisimama chumba cha giza nikashindwa kufungua mlango: mfupa ulikuwa umeliwa, na kwa nje umetoa miale kama ya jua linalochomoza. Ostiosakoma. Ilikuwa imeshafika mapafuni. Alikatwa mguu, na mwaka uliofuata tulimzika.

Sijawahi kumwandikia mtu habari hii. Nakuandikia wewe kwa sababu ninataka ujue kwamba babu yako hajakwambia "usiogope" kwa mazoea. Nililisema neno hilo mara moja bila kutazama, na gharama yake naijua. Safari hii nimetazama, na daktari anayejua kuliko mimi ametazama.

Saratani hiyo ni adimu. Katika kila watu milioni moja, huwapata wachache kwa mwaka. Lakini inapenda umri wako, na inapenda goti kuliko kiungo kingine chochote, sehemu ya chini ya mfupa wa paja na ya juu ya mfupa wa muundi, kwa sababu hapo ndipo mfupa unakua kwa kasi. Ninavyotaka uvikumbuke ni vichache. Maumivu yanayokuamsha usiku, tena na tena, hata siku ambayo hukucheza. Uvimbe mgumu unaoongezeka wiki hadi wiki. Goti linalouma zaidi kadiri siku zinavyokwenda, wakati jeraha la mpira linapaswa kupungua. Mfupa kuvunjika kwa jambo dogo lisilostahili kuvunja mfupa. Ukiona hayo kwako au kwa mwenzako, asikandwe, asichuliwe, asichanjwe. Apigwe picha wiki hiyo hiyo.

Usaha ndani ya mfupa na kifua kikuu cha mifupa navyo huweza kujifanya saratani, na mgonjwa wa selimundu ana alama zake mfupani, kwa hiyo picha peke yake haimalizi kesi. Daktari akishuku, atataka kinyama kichukuliwe, na hapo sikiliza vizuri: kinachukuliwa mahali ambapo mgonjwa atatibiwa, na watu watakaomtibu, kwa kuwa njia ya sindano ikipita pabaya huharibu upasuaji unaofuata. Kutoka hapa Babati watu hupewa rufaa kwenda KCMC Moshi, au Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili, na tangu lami ya Dodoma ifunguliwe mwaka 2018 ni rahisi pia kufika Hospitali ya Benjamin Mkapa. Zamani ilikuwa kukata mguu na kusubiri. Siku hizi dawa hutangulia, upasuaji unafuata, dawa tena, na pale matibabu yanapokamilika kabla ugonjwa haujasambaa, wagonjwa sita hadi saba kati ya kumi huvuka miaka mitano. Mtoto wa ndugu yangu alihitaji miezi ile minne.

Baba yako aliponipigia simu usiku wa Jumapili alikuwa ameshazungumza na mnunuzi. Alitaka kumuuza ng'ombe wa maziwa ili uende Arusha kupigwa sitiskani. Nampenda kwa hilo. Nilimwambia angoje, amwulize daktari swali moja: kipimo hicho kikileta jibu hili au lile, matibabu yatabadilika vipi? Daktari alijibu kwamba kwako hayatabadilika. Ng'ombe yupo, na wadogo zako wanakunywa maziwa. Lakini uelewe, siku daktari atakaposema kipimo kitabadilisha kitu, ng'ombe huyo atauzwa asubuhi hiyo hiyo na mimi nitaongeza mbuzi wangu.

Bahasha nimeiandika kwa kalamu ya wino: tarehe, mguu wa kushoto, umri wako. Usiiache shuleni, usiikunje, usiiweke chini ya godoro kwenye joto. Kama ungepewa picha kwenye CD au simu ningekwambia vivyo hivyo, itunze. Picha ya pili bila ya kwanza ni nusu ya picha, maana miezi sita ijayo swali halitakuwa doa ni nini, litakuwa doa limebadilika au halijabadilika, na jibu hilo hupatikana filamu mbili zikiwekwa bega kwa bega kwenye mwanga. Na usiponielewa mimi au daktari, uliza. Uliza ameona nini, nani ameisoma, urudi lini. Hiyo si kukosa adabu. Nimewaona vijana wengi wakitoka chumbani wameinama, "asante daktari", kisha mlangoni wananiuliza mimi, mpiga picha, walichoambiwa.

Uvimbe wa kuanguka ukishapungua na goti likikunja bila maumivu, utarudi uwanjani. Mama yako mweleze mwenyewe, kwa maneno yako, mezani, usimtumie ujumbe wa simu. Amelia sana na hajakwambia.

Wiki hii unalala hapa kwangu. Kitanda changu kiko karibu na mlango, na usingizi wa mzee ni mwepesi. Maumivu ya kugeuka na kulalia palipochubuka yatakuwepo siku mbili tatu, hayo vumilia. Lakini goti likikuamsha lenyewe, mguu ukiwa umetulia, hata iwe saa tisa usiku, niamshe.